Waligawana RAM za Marehemu

Siku ya kuanua matanga ya Yohanes, hapa kwetu Kirushya, nilikuwa pembeni ya ua nikisugua masufuria. Mimi ni jirani tu. Jina langu Jovitha, nauza maharage gulioni na naimba sauti ya pili katika kwaya ya jumuiya yetu. Nasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza nani alinisimulia. Hakunisimulia mtu. Nilikuwepo, niliona, na mpaka leo nikikumbuka siku ile napandwa na hasira.

Vitu vingi vya marehemu viligawanywa kwa amani. Koti lilikwenda kwa mpwa wake, baiskeli ikabaki kwa mjane, jembe na panga vikapata wenyewe. Mgawaji alikuwa Mzee Ildefonce, baba mdogo wa Yohanes, amekaa kwenye kiti mbele ya mlango, na watu wameketi kwenye majani makavu yaliyotandikwa uani. Kila alipotaja mtu, mtu alikuja mbele, akapokea, akarudi kukaa. Ugomvi ulianza ilipotolewa kompyuta.

Yohanes alikuwa anarekodi kwaya. Kioo cha kompyuta na spika vilikuwa mali ya kwaya, havikuguswa, lakini lile sanduku jeusi lenye mashine yenyewe ndani lilikuwa lake. Ndugu zake wawili walilitaka. Frednand, kaka yake mkubwa, ana duka Mbuba na alisema litakaa vizuri dukani. Ndikumana, kitinda mimba, analima mahindi na mihogo kule Runazi, upande wa Biharamulo, na alisema kwamba kama Frednand anachukua, basi na yeye achukue. Alilitaka la nini, hakusema. Ndikumana ni mtu wa namna hiyo. Ukigawa upepo atauliza fungu lake liko wapi.

Walibishana mpaka uji ukapoa. Mwishowe Frednand akasema kuna fundi aliwahi kumwambia kwamba thamani ya kompyuta ni RAM. "Ukitoa RAM," akasema, "kilichobaki ni bati." Bisibisi ikaletwa. Sanduku likafunguliwa pale pale uani, mbele ya kuku na watoto, na ndani wakakuta RAM mbili zimesimama bega kwa bega, vibao vyembamba vya kijani, vinafanana kabisa.

Mzee Ildefonce uso ukamkunjuka. Tangu asubuhi alikuwa akihangaika na vitu vya mojamoja, na sasa amepata vitu viwili vilivyo sawa kwa watu wawili. "Basi yamekwisha," akasema. "Frednand, hii yako. Ndikumana, hii yako. Asiwepo wa kusema nimempendelea mwenzake."

"Na sanduku?" mtu akauliza.

"Sanduku la mjane."

"Atatagishia kuku," Frednand akasema, na watu wakacheka. Watu waliokula chakula cha Yohanes wakacheka.

Niliacha masufuria. Nilitaka kusema neno, na kwa bahati nzuri Adelfina alinitangulia, kwa maana langu lisingekuwa la kanisani. Adelfina ndiye mjane. Ni Msubi wa Biharamulo, aliolewa huku kwetu Uhangazani, na tangu alipofika ukoo wa mumewe haujaacha kumkumbusha kwamba ni mgeni. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na kitambaa cha msiba kichwani. Akainuka, akaenda mpaka alipokuwa Frednand, akanyoosha mkono.

"Shemeji, skrubu zangu."

"Nini?"

"Skrubu za sanduku. Umezitia mfukoni. Nimesikia sanduku ni langu, na skrubu ni za sanduku."

Frednand akazitoa. Adelfina akafunika sanduku, akalifunga polepole skrubu moja baada ya nyingine, watu wote wakimtazama. Kisha akageukia ua mzima. "Siku tutakapobariki kaburi la Yohanes," akasema, "wimbo wake utapigwa hapa uani. Na utapigwa kwenye sanduku hili."

"Sanduku la kuku?" Frednand akauliza.

"Hilo hilo, shemeji."

Kuhusu huo wimbo, ni kwamba kabla hajaugua, Yohanes alitunga wimbo wa kushukuru kwa mavuno, na alituita nyumbani kwake kuurekodi sauti kwa sauti, mtu mmoja mmoja. Alitundika mablanketi madirishani ili jogoo wasiingie kwenye wimbo. Kina mama wa sauti ya kwanza walikuja siku yao, sisi wa sauti ya pili siku yetu, wanaume siku yao, ngoma peke yake. Wa mwisho aliimba mwenyewe, besi. Adelfina ndiye aliyekuwa anabonyeza vitufe mumewe akiimba. Halafu ugonjwa ukaja, na sauti zote zikabaki mle ndani bila kuunganishwa. Kwa hiyo besi ya Yohanes ilikuwa mle kwenye sanduku, na hakuna mahali pengine popote duniani palipokuwa nayo.

Wapo waliomwambia Adelfina atoe diski ampelekee mtu wa studio mjini. Nilikuwepo alipomjibu mmoja wao. "Mtu wa studio atatia kinanda," alisema. "Atasema besi ni nzito, ataipunguza. Hamjui Yohanes. Mimi simkabidhi mume wangu kwa mtu asiyemjua ampunguze." Mtu yule akaondoka akinung'unika kwamba mjane ana kichwa kigumu. Ndiyo, anacho. Na ashukuriwe Mungu aliyempa.

Mimi sikujua RAM ni nini. Adelfina alinieleza kwa lugha ya kazi yangu. Maharage yako stoo, alisema, hiyo ndiyo diski. Lakini ukitaka kuyachagua, lazima uyatandaze kwenye turubai, na turubai ndiyo RAM. Bila turubai unaweza kuwa na stoo imejaa na usichague hata punje. Nikaelewa. Nikaelewa pia kwamba wale ndugu wawili walikuwa wamepasua turubai katikati, kila mmoja akaenda na kipande chake, na hakuna aliyekuwa na maharage.

Adelfina alikwenda Biharamulo mjini kwa fundi anayeitwa Shilinde, Msukuma mmoja anayetengeneza redio na kompyuta karibu na stendi. Alikwenda na maharage yangu ya kumlipa fundi, na sijutii. Nilimsindikiza kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuona. Shilinde alitoa kopo lililojaa RAM za mashine zilizokufa, akachambua mpaka akapata mbili za aina inayoingia.

"Mama, nikwambie ukweli," alisema. "Hizi zina ukubwa sawa, lakini hazikuzaliwa pamoja. Hii ya kampuni hii, ile ya kampuni nyingine. Moja ina mbio, moja nzito. Zinaweza kugoma kukaa nyumba moja."

"Hata mimi na ukoo wa mume wangu hatukuzaliwa pamoja," Adelfina akasema. "Nifungie."

Shilinde akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akampa na namba yake ya simu, akasema zikigoma ampigie.

Ziligoma. Adelfina alizipachika, akawasha, kompyuta ikaamka vizuri mpaka kwenye nembo ya Windows, ikaganda hapo. Akazima, akawasha, ikaganda. Nilianza kumtukana Ndikumana kimoyomoyo, halafu kwa sauti. Adelfina yeye akampigia Shilinde, akaweka simu mezani ili na mimi nisikie.

"Kuna mtu aliwahi kuingia ule ukurasa wa bluu?" Shilinde akauliza. "Ule unaokuja ukibonyeza kitufe kabla Windows haijaanza?"

Adelfina akaisogelea simu. "Yohanes," akasema.

"Basi ndiyo hivyo. Kwenye ule ubao mkuu kuna kipande kinachosimamia mwendo wa RAM, tunakiita chipseti. Huyo alikipangia mwendo kwa mkono, kulingana na zile RAM zake. Zilikuwa pacha, zinakimbia pamoja. Sasa umeweka hizi, na ubao unazisukuma kwa mwendo ule ule wa zile. Haziwezi. Futa ile mipangilio, rudisha ya kiwandani, halafu uanze kupanda taratibu."

Simu ikakatika. Adelfina akaingia kwenye ukurasa wa bluu. Maneno yote ya Kiingereza, na pembeni kuna namba. Akashuka kwa vishale mpaka mahali fulani, akasimama hapo. Aliziangalia zile namba kwa muda mrefu, nami nikanyamaza, jambo ambalo watu wanaonijua hawataliamini.

"Hizi aliziweka yeye," akasema. "Alikuwa amekaa hapa na mimi nimekaa hapo ulipo. Alikuwa akipunguza moja anasema, 'Fina, ngoja tuone kama itakubali.' Ikikubali anapiga meza."

"Usizifute basi," nikasema. "Tutafuta njia nyingine."

Akanitazama kama nimesema upuuzi, na kweli nilikuwa nimesema upuuzi. "Aliziweka ili kompyuta ifanye kazi, Jovitha. Hakuziweka ili tuzisujudie." Akabonyeza. Namba za Yohanes zikaondoka, zikaja za kiwandani. Alilia, lakini alilia akiendelea kubonyeza, na kompyuta ikawaka mpaka mwisho.

Tulidhani tumefika. Akafungua wimbo, sauti zote kwa pamoja, na ukaanza kukatakata. Neno moja linatoka, mengine mawili yanamezwa. Ngoma ikawa kama mtu anabisha hodi na kukimbia. Besi ya Yohanes ilitoka vipande vipande, na huo ukawa ukatili mwingine, kumsikia mtu nusu. Adelfina akaizima haraka. Mwendo wa kiwandani ulikuwa salama lakini ulikuwa wa konokono, na sauti zetu tulikuwa tumeziimba nyingi.

Kuanzia hapo akafanya kazi kwa namna yake, ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kila siku alibadilisha kitu kimoja tu, kisha anaacha programu ya kuipima RAM ikizunguka, anafunga mlango, anakwenda shambani kupalilia. Jua likishakuwa kali anarudi. Kama kioo hakina mstari mwekundu wa kosa, anakiacha kile alichobadilisha. Kama kuna mwekundu hata mmoja, anarudi nyuma hatua moja. Siku umeme ulipokatika akiwa shambani, hakukisia. Alirudia kipimo chote kesho yake. Nilimwambia anajichosha. Akaniambia mtu akipalilia hang'oi shamba zima kwa pigo moja.

Kwanza alihamisha nafasi. Yohanes alikuwa na RAM zake bega kwa bega, lakini ubao ule una nafasi nne za rangi mbili, njano na nyeusi zikipishana, na Shilinde alimweleza kwamba zikikaa kwenye rangi moja, kwa kuruka nafasi ya katikati, ubao unazitumia zote mbili kwa wakati mmoja badala ya kungoja hii imalize ndipo ifuate ile. Adelfina akasema ni kama kanisani kwetu, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na mwongozaji anapata sauti ya pande zote mbili bila kugeuka. Hapo hapo wimbo ukapungua kukatika. Swali likabaki kwa nini Yohanes mwenyewe hakuzipanga hivyo. "Hakujua," Adelfina akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Ningemtania mwaka mzima."

Kisha akagundua kwamba kioo kilikuwa kinajikatia sehemu ya RAM kwa ajili ya picha, sehemu kubwa kuliko inavyohitaji. Akakipunguzia. Sisi hatukuwa na picha yoyote, tulikuwa na sauti. Halafu akaanza na zile namba za mwendo, zinazouambia ubao ungoje kiasi gani kila unapoomba kitu kutoka kwenye RAM. Namba ikipungua, kungoja kunapungua. Alipunguza ya kwanza, ikakubali. Akapunguza ya pili, ikakubali. Na mimi nilikuwepo siku alipopunguza ya tatu, akapiga meza.

Habari zikafika Mbuba. Frednand alianza kusema kwenye duka lake kwamba mjane wa mdogo wake anajifungia na sanduku la marehemu, anauita mzimu wake. Maneno hayo si ya kuchezea huku kwetu. Wapo majirani walioacha kupita kwenye njia yake. Katekista akaja kumuuliza kwa upole. Adelfina akamkaribisha, akamkalisha kwenye kiti, akamwekea sauti ya katekista mwenyewe akiimba sauti ya tatu, peke yake bila wenzake. Katekista alisikiliza alivyopotea kwenye ubeti wa pili, akaaga kwa heshima, na hakurudi na swali hilo tena.

Basi ikatokea siku akavuka mpaka. Ile namba ya nne aliipunguza mara mbili kwa mpigo mmoja kwa sababu siku ya kubariki kaburi ilikuwa inakaribia na haraka ilimshinda. Kompyuta ikafa. Nasema ikafa kwa maana ndivyo tulivyoona. Feni inazunguka, kioo cheusi, hakuna nembo, hakuna ukurasa wa bluu, sanduku linalia mlio mmoja mrefu na kunyamaza. Na kana kwamba alikuwa amejificha mgombani akingoja, Frednand akatokea kwa pikipiki.

"Hodi. Nasikia mnalia humu."

"Karibu, shemeji. Si sisi, ni sanduku."

Akachungulia, akaona kioo cheusi. "Nilisema kuku," akasema. "Wewe hukutaka kusikia. Mambo mengine yana wenyewe, shemeji. Ungeliacha, sasa umeliua na sauti ya mdogo wangu imo humo humo."

Nilijibu mimi. Nilimwambia mambo ambayo baadaye padre alinitaka niyaungame. Adelfina alingoja pikipiki iondoke. Alikuwa anaogopa. Aliniambia wazi: "Jovitha, naogopa nimempoteza mara ya pili." Kisha akafungua sanduku, akatafuta betri ndogo ya duara kama kifungo iliyo kwenye ubao, ile inayoufanya ubao ukumbuke mipangilio hata umeme ukikatika. Akaitoa. Akaiweka juu ya meza, akaenda kuchambua mboga, akapika, tukala. Akairudisha. Akawasha.

Ukurasa ukaja. Ubao ulikuwa umesahau mipangilio yote aliyoiweka, umerudi kwenye ile ya kiwandani, na unauliza upya kama mtoto aliyeamka. Adelfina akaanza kuujaza tena kwa zile namba zake zilizokubali, moja moja, kutoka kichwani, na ile ya nne akaiacha ilivyokuwa. Wimbo alipoufungua ulitoka wote. Haukukatika popote. Nilisikia sauti yangu, ambayo si mbaya, na chini yetu sote nikamsikia Yohanes amesimama kama nguzo ya nyumba. Nilitoka nje nikalia kwenye migomba.

Alimaliza kuunganisha sauti bila kuipunguza besi hata kidogo. Watu walipita njiani wakasimama. Na Mbuba wakasikia kwamba sanduku la kuku linaimba.

Siku chache kabla ya kubariki kaburi, Frednand na Ndikumana walikuja pamoja wakiwa wamemleta Mzee Ildefonce. Walikuwa na adabu sana, na mimi mtu wa ukoo ule akiwa na adabu huwa naanza kutafuta bisibisi iko wapi. Adelfina akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kwa jambo dogo."

Jambo dogo lilikuwa hili: kwamba kompyuta ni mali ya ukoo, kwamba haikupaswa kugawanywa vile, kwamba ndugu wako tayari kurudisha RAM zao ili kitu kiwe kizima kama alivyokiacha marehemu, na kikishakuwa kizima kiende Mbuba dukani, mahali pa watu wengi, ambapo kitafaa. Frednand alilisema vizuri, kama mtu aliyelifanyia mazoezi. "Tunakirudisha kiwe kama cha Yohanes," akamalizia. "Hizo ulizookota ni za watu baki."

"Mmekuja nazo?" Adelfina akauliza.

Frednand akatoa yake kwenye karatasi. Ndikumana akatoa funguo mfukoni, na kwenye pete ya funguo, katikati ya ufunguo wa nyumba na ufunguo wa ghala, inaning'inia RAM ya Yohanes. Alikuwa ameitoboa kwa msumari wa moto.

"Ili isipotee," Ndikumana akasema. "Ni urithi."

Nilicheka. Samahani, lakini nilicheka. Mzee Ildefonce akaichukua akaitazama, akatazama lile tundu, akamrudishia. Ya Frednand ilikuwa haina tundu, lakini vile vimeno vya dhahabu vinavyoingia kwenye ubao vilikuwa vimeng'oka upande mmoja. Alikuwa ameilazimisha kwenye kompyuta nyingine isiyo ya aina yake, akaisukuma mpaka ikaingia.

Adelfina angeweza kuwafukuza hapo. Hakufanya hivyo. Akazima kompyuta, akafungua sanduku mbele yao, akatoa RAM zake mbili za watu baki, akazilaza kwenye kanga. Akaifuta ya Frednand, akaipachika. Akaitoa ya Ndikumana kwenye pete ya funguo, akaipachika. "Tazameni wenyewe," akasema, "msije mkasema niliwanyima nafasi."

Akawasha. Sanduku likalia mlio mrefu, kioo cheusi. Akajaribu ya Frednand peke yake. Mlio. Akajaribu ya Ndikumana peke yake. Hata mlio haukutoka. Akazitoa, akampa kila mmoja yake mkononi, Frednand yake, Ndikumana yake, bila kukosea.

"Hili ndilo fungu mlilopewa," akasema. "Mimi nilipewa sanduku. Baba, ni wewe uliyegawa. Sikubisha siku ile, nilidai skrubu tu. Leo nakuuliza mbele yao: sanduku ni la nani?"

Ndikumana alikuwa anaangalia miguu yake. Frednand akafungua mdomo, na Mzee Ildefonce akainua mkono kumzuia. Mzee yule ana makosa yake, lakini hakuwahi kugawa kitu mara mbili.

"Niliposema sanduku la mjane," akasema taratibu, "nilikuwa nampa bati. Nalijua, na yeye analijua. Lakini nililisema mbele ya watu. Ni lake." Akainuka. "Frednand, twende."

"Na wimbo?" Frednand akauliza. "Wimbo si wa ukoo?"

"Wimbo ni wa kwaya," nikasema mimi. "Kaimbe."

Siku ya kubariki kaburi ua ulijaa kuliko siku ya matanga. Padre alipomaliza kunyunyizia msalaba maji ya baraka, tukarudi uani, na Adelfina akabonyeza. Hakuhutubia. Zikaanza sauti za kwanza, tukaja sisi, wakaja wanaume, na kwenye kiitikio Yohanes akaingia, besi nzima, bila kukatika. Watu waliokuwa wakinong'ona wakanyamaza. Mama mmoja akapiga kigelegele, kisha wengine wakaitikia. Ndikumana alikuwa amekaa kwenye majani na funguo zake mkononi, anaipapasa ile RAM yenye tundu kama anataka iimbe na yeye.

Frednand alisimama nyuma karibu na migomba mpaka wimbo ulipokwisha. Watu walipoanza kula, akaja mezani, macho mekundu. Sijawahi kumwona hivyo na sitasema nilifurahi. Alikuwa na flashi ndogo mkononi.

"Shemeji," akasema, "niwekee humu. Nikaisikilize nyumbani."

Adelfina aliitazama ile flashi. Nilidhani atalainika, na kwa kweli ningemsamehe kama angelainika. Akamsukumia kiti.

"Kaa hapa, shemeji, nikupigie tena," akasema. "Sauti ya mdogo wako iko kwangu. Siku yoyote ukiitaka, unakuja Kirushya, unapiga hodi, na mimi nitasema karibu."

Frednand akakaa.